Sauti Iliyoshuka Mwaka Themanini na Tisa

Sauti ya Ramula Farajalla ina vipindi vitatu. Nimelisema hili redioni kila Jumapili saa nane mchana kwa miaka kumi na moja, hapa Mbale, na hakuna aliyewahi kunipinga. Ni kweli kwamba kwa miaka sita kati ya hiyo simu ya studio ilikuwa mbovu, lakini mtu mwenye hoja angekuja kwa miguu.

Kipindi cha kwanza nilikiita Asubuhi. Kinaishia mwaka 1983. Sauti iko juu, nyepesi, ina haraka kidogo, kama msichana aliyetumwa sokoni na ana pesa mkononi. Cha pili nilikiita Mchana. Kinaanza Januari 1989, na hapo sauti imeshuka ghafla, imekuwa nzito. Cha tatu ni Jioni, kuanzia mwaka 1997 hadi leo. Sauti iko chini vilevile, ila mwenyewe hajali tena. Kila msikilizaji wangu kutoka Namatala hadi Nakaloke anajua kwamba sauti ya Ramula ilishuka mwaka 1989, na anajua kwa sababu mimi nilimwambia. Hata sababu niliwapa. Mumewe, Habib, aliyekuwa akimpigia saksafoni, alikufa mwishoni mwa mwaka 1988. Huzuni, nikasema, iliingia kooni ikakaa.

Niliisema vizuri sana hiyo. Watu walinisimamisha barabarani kunipongeza.

Mimi ni Zubair. Nina miaka sitini na tisa, na duka langu liko Namatala tangu 1981. Zamani nilikuwa nikinakili kaseti. Siku hizi nachaji simu na kuuza vifuniko vyake, maana tumbo halisikilizi muziki, lakini rafu yote ya nyuma ni ya Ramula: mikanda mikubwa mitatu, kaseti arobaini na moja, diski kumi, na santuri moja ya mwaka 1971 iliyoachwa juani ikapinda kama sahani ya bati. Santuri hiyo hailii. Huwa naitaja tu.

Niweke wazi jambo moja. Hapa kwetu bendi yoyote yenye magitaa mawili na suruali zinazofanana iliitwa jazi. Ramula hakuwa wa hao. Baba yake, Mnubi kama sisi, alipuliza tarumbeta katika bendi ya jeshi pale Jinja, na Ramula alikua akiwasikiliza wanaume wazima wakirudia mstari mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipofika miaka kumi na minane alianza kuimba katika hoteli moja ya Jinja na mpiga kinanda Mgoa ambaye, wanasema, hakumtazama hata mara moja, alimsikiliza tu. Aliimba nyuma ya mdundo. Mtu mwenye papara atasema kachelewa. Hakuchelewa. Jazi, kwa maoni yangu, ni kujua wimbo unaishia wapi na kukataa kufika kabla ya wakati wako.

Chukua wimbo wa "Sukari Imekwisha". Mwanamke anamwambia mgeni wake kwamba sukari imekwisha, basi. Hayo ndiyo maneno yote, ukiondoa jina la mgeni. Katika mkanda wa mwaka 1976 anamwambia kama mtu anayeogopa mgeni ataondoka. Mwaka 1989 anatoa taarifa tu, kama karani wa stoo. Katika diski ya mwaka 2008 unasikia kabisa kwamba sukari ipo, imefichwa. Na mwaka 2019, akiwa na gitaa la besi peke yake, anaanza kucheka katikati ya ubeti wa mwisho na haombi radhi. Wimbo mmoja, miaka arobaini na mitatu. Nimeoa mara mbili na sikumjua mke wangu yeyote vizuri hivyo.

Basi mwaka huu Ramula alinipigia simu kutoka Jinja. Alikuwa anakwenda kuhiji pamoja na mwanawe mkubwa, zimebaki wiki tatu.

"Bwana Zubair," alisema, "Alhamisi nakuja Mbale. Iko kitu nataka kuomba wewe."

Nilijua ni kitu gani, au nilidhani najua. Kwetu mtu hapandi ndege ya Makka na vinyongo vya watu mgongoni. Anazunguka kwanza. Anaomba msamaha kwa jirani, kwa mashemeji, kwa mwenye bucha aliyegombana naye juu ya maini. Wewe unayeombwa huulizi umekosewa nini. Unasema nimesamehe, unatoa chai, unamwombea safari njema. Nimesamehe watu wengi kwa njia hiyo na sikumbuki kosa hata moja.

Nikaona nimwandalie zawadi. Sauti yake yote, mwanzo hadi mwisho, katika kidude kimoja kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kazi hiyo nilimpa binti yangu Shamira, fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha Industrial Division, mama wa watoto wawili, mtu asiyeweza kupita karibu na hesabu bila kuisalimia. Alikuja Jumanne na kompyuta yake. Tukaitoa mashine yangu ya mikanda mikubwa, niliyoinunua mnadani mwaka 1980 kutoka kwa vitu vya jeshi, tukaifuta vumbi, tukaweka mkanda wa mwaka 1976.

Mkanda ulianza na Wanyera, aliyekuwa mshereheshaji wa hoteli, akimkaribisha Ramula. Shamira akatazama kioo cha kompyuta. Akarudisha nyuma. Akatazama tena.

"Baba, hii mukanda inakimbia."

"Inakimbia wapi?"

"Angalia hapa chini. Huu mustari munene ni umeme. Umeme inanguruma, na ile ngurumo inaingia kwa mukanda kama haukufunga waya muzuri. Umeme ya Jinja inanguruma mara hamsini kwa sekunde. Leo hamsini, jana hamsini, wakati wa babu hamsini. Hapa iko hamsini na tano."

Nikamwambia labda miaka ile umeme ulikuwa unakimbia. Kila kitu kilikuwa kinakimbia miaka ile, na watu pia.

"Umeme ikikimbia hivyo, taa zote zinaungua," alisema Shamira. "Na huyu muzee Wanyera, ulisema iko na sauti kama ngoma. Hapa ni kama mutoto wa shule."

Alifungua kifuniko cha mashine na kuinamia kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda. Akakigusa kwa ukucha. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini kijiti kimefungwa plasta ya kidonda.

Hapo nikakaa chini.

Mwaka 1982 Habib mwenyewe aliniletea mikanda ya Ramula ninakili. Kila mmoja ulikuwa na dakika sitini na sita. Kaseti zilizopatikana Mbale mwaka ule zilikuwa za dakika sitini. Zile za tisini zilikuwa nyembamba, redio za watu zilizitafuna. Sasa ungefanya nini? Kukata wimbo mmoja ni dhambi, na kuuza kaseti mbili ni ndoto. Mafundi wote wa kaseti niliowajua walikuwa na dawa ya hilo. Unazungushia plasta kwenye kile kijiti mara mbili, kinanenepa, kinavuta mkanda haraka kidogo, na dakika sitini na sita zinaingia katika sitini bila kulalamika. Niliifunga plasta ile asubuhi moja, nikamaliza kazi, na sikuifungua. Mikanda ya mwaka 1979 na 1983 ilipita hapo hapo. Plasta ikageuka rangi ya chuma, ikawa ngumu kama ukucha, ikawa mashine.

Mwishoni mwa mwaka 1988 nikanunua mashine mpya ya Kijapani ya kaseti mbili. Hiyo haikuwa na plasta. Kaseti ya kwanza niliyorekodi nayo ilikuwa ya Ramula, Jinja, Januari 1989.

Shamira aliandika tarakimu mbili kwenye kiganja chake, sitini na sita, sitini, akazigawanya, akanionyesha kiganja. Hesabu ilitoka sawasawa na ngurumo ya umeme. Bwawa la umeme la Jinja lilikuwa limenishitaki miaka yote hiyo, chini kabisa ya wimbo, na mimi nilikuwa nikisikiliza juu.

"Nitoe plasta?" aliuliza.

"Iache."

"Utamwambia?"

Nilimweleza kwamba mwanamke wa miaka sabini na mitatu anayekwenda Makka hahitaji habari za plasta. Atakuja, ataomba msamaha, nitasamehe, atakunywa chai. Shamira akasema la kuvunda halina ubani. Nikamjibu kwamba hakuna kilichovunda, ni nadharia yangu tu imepata unyevu. Alifunga kompyuta akaenda kuwapikia watoto wake. Vipindi vitatu, miaka kumi na moja redioni, na kumbe Asubuhi yote ilikuwa kipande cha plasta.

Lakini hilo, nilijiambia, lilikuwa hasara yangu peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Alhamisi.

Ramula alifika saa tano na gari la kukodi, baada ya kupita Nakaloke kwa mashemeji. Alikuwa amejifunga gurbaba ya zambarau, ile nguo yetu ya kujizungushia, na alitembea polepole bila kushika kitu, kama mtu anayejua kiti chake hakitachukuliwa na mwingine. Shamira alikuwa amekuja tena, kwa ajili ya chai, alisema. Tulisalimiana, tukaulizana habari za waliokufa. Kisha Ramula akaweka mikono yake magotini.

"Bwana Zubair, mimi nakuja kuomba musamaha."

"Nimesamehe, dada," nilisema mara moja, na nikamwashiria Shamira amimine.

"Ngoja. Hapana kwako. Ni kwa yule musichana."

"Msichana gani?"

"Ule wa kaseti zako. Ule wa zamani."

Shamira akaiweka birika chini.

"Habib alikufa mwezi wa kumi na moja, themanini na nane," alisema Ramula. "Mimi nikaingia eda. Miezi mine na siku kumi. Mwanamuke hapana toka ovyo, hapana jipamba, sembuse kusimama mbele ya watu na kuimba. Wewe unajua."

"Najua."

"Mwezi wa kwanza unga ikaisha. Watoto wanne. Watu wa hoteli wakasema kuja, siku moja tu. Nikaenda. Nikaimba ndani ya eda ya mume wangu, na wewe ulikuwa pale na mashine mupya."

Nilikuwa pale. Nilijua Habib amekufa, nilikwenda hata mazishini. Sikuhesabu miezi. Nilikuwa nahesabu kaseti.

"Ile kaseti ikatoka. Watu wote wakasema sauti ya Ramula imeanguka. Mimi nikabisha. Nikaweka ile ya zamani, nikaweka ile ya hoteli. Kweli, imeanguka. Basi nikajua nani amechukua." Alielekeza kidole juu, kwenye mabati. "Nimevunja eda, Yeye akachukua sauti. Ni haki. Sikulalamika."

Aliyasema haya kwa utulivu uleule aliotumia kuniuliza habari za wajukuu.

"Lakini shetani ananijaribu. Tisini na moja niliimba arusi hapa Nakaloke. Nikaimba 'Sukari Imekwisha'. Watu wamekaa tu. Nikimaliza, bwana arusi anaweka kaseti yako, wimbo ule ule. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakacheza. Wanapigia makofi kaseti, na mimi nimesimama pale na maikrofoni kwa mukono. Nikaanza kutafuta ile sauti. Nikameza tangawizi. Nikameza mayai mabichi, mbili asubuhi, mbili jioni, miaka minane."

Shamira, ambaye hawezi kujizuia, alisema polepole kwamba hayo ni kama mayai elfu kumi na moja na mia saba.

"Yalikuwa mengi," alikubali Ramula. "Haikurudi. Na yule musichana nikamuchukia. Nikisikia yeye kwa redio, nazima. Nilimutukana kwa nyumba yangu mwenyewe, watoto wanasikia. Sasa nakwenda Makka na moyo ya namna hii, na yule sijui nitamupata wapi. Hana nyumba. Iko kwako tu, wewe ulimutunza. Kwa hiyo wewe sema kwa niaba yake. Sema yeye amenisamehe."

Alisubiri. Chai ilikuwa inapoa. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, na mimi kwa kawaida nina maneno mengi. Ningelisema, angekunywa chai, angeondoka, angefika mbele ya Al-Kaaba na kumwomba Mungu amsamehe kosa ambalo adhabu yake niliifunga mimi kwa vidole hivi viwili. Niliona aibu.

"Dada Ramula," nilisema, "yule msichana siwezi kumsemea. Hayupo."

"Najua amekwisha. Mimi ni muzee."

"Hakuwahi kuwapo. Nilimtengeneza kwa plasta."

Nikamweleza yote. Dakika sitini na sita, dakika sitini, kile kijiti, mizunguko miwili, mashine ya Kijapani. Nilieleza vibaya, nikirudia, na kila nilipokwama Shamira alisema tarakimu. Ramula alisikiliza bila kubadilisha uso. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Plasta ya kidonda?"

"Ya kidonda."

"Nionyeshe."

Tuliivuta mashine mpaka mbele yake. Aliinama, akaitazama plasta kwa muda, akaitia ukucha. Ilikataa. Nikampa wembe. Akasema hapana, akaendelea na ukucha, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha, mpaka ikatoka vipande vipande. Alivikusanya juu ya kitambaa chake. Kisha akasema, "Weka."

Niliweka mkanda wa mwaka 1976. Wanyera akafungua kinywa, na alikuwa mwanamume mzima. Bendi ikaingia, na haikuwa bendi niliyoijua. Ilikuwa inatembea. Saksafoni ya Habib ikashuka kutoka pale juu nilipoizoea, ikapata kifua.

"Kwa kaseti alikuwa na haraka," alisema Ramula. "Nilifikiri ni mimi nimesahau. Habib hakuwa na haraka hata siku moja."

Halafu yule wa kwenye mkanda akaanza kuimba "Sukari Imekwisha". Sauti ilikuwa chini, pana, imekaa nyuma ya mdundo mbali kuliko nilivyowahi kuisikia. Ilikuwa nzuri kuliko ile yangu. Nasema hivi na si rahisi kusema. Miaka arobaini na miwili nilikuwa nimempenda msichana wa plasta na kumhubiri kwa watu, na mwanamke mwenyewe alikuwa Jinja akinywa mayai mabichi.

Katika ubeti wa pili Ramula alifungua mdomo akaimba naye. Hakuimba kwa nguvu. Sauti ya miaka sabini na mitatu ina mikwaruzo na pumzi yake ni fupi, lakini ilisimama pale pale iliposimama ile nyingine, neno kwa neno, na zilichelewa pamoja. Shamira alitazama kioo cha kompyuta, kisha akaacha kukitazama.

Mkanda ulipofika mwisho wa wimbo nikauzima. Gari la kukodi lilikuwa linapiga honi nje, dereva akiulizia saa.

"Ni mimi," alisema Ramula, kama mtu aliyeutambua mzigo wake stesheni. Alikunja kile kitambaa chenye vipande vya plasta, akakitia mkobani. "Miaka salasini na tano nimesingizia Mungu."

Shamira alimsogezea kikombe.

"Eda nilivunja," aliendelea. "Hiyo iko pale, hiyo nitaomba. Lakini sauti Hakuchukua. Hakuchukua kitu." Alitazama mabati tena, safari hii bila kidole. Macho yake yalilowa na hakuyafuta. "Nilikuwa na maneno mengi ya kwenda kumwambia. Sasa itabidi nitafute mengine."

"Dada, nisamehe," nilisema. Nilikuwa nimelipokea neno hilo mara nyingi sana, na sikujua kwamba kulitoa ni kazi hivi.

Alifikiri. Ningependa kusema hakufikiri, lakini alifikiri, na nilimwona akipima.

"Mambo ya safari, nimekusamehe," alisema. "Mutu hapana panda ndege na kinyongo. Lakini yale mayai, bado."

"Nifanye nini?"

"Wewe ulisema kwa redio sauti imeanguka. Sasa sema kwa redio haikuanguka. Useme na plasta. Usifiche plasta." Akasimama. Mlangoni akageuka kumwambia Shamira kwamba chai yake ilikuwa nzuri, ingawa hakuwa amegusa kikombe.

Jumapili nilikwenda studio na mashine yangu ya mikanda mikubwa juu ya toroli. Meneja aliniuliza kama ninahama. Saa nane kamili nikafungua kipindi, nikawasalimu wasikilizaji, nikawaambia kwamba sauti ya Ramula Farajalla haina vipindi vitatu. Ina kimoja. Nikaeleza kijiti, kaseti za dakika sitini, na plasta, na nikataja kwamba ilikuwa ya kidonda. Ilichukua dakika tisa. Halafu nikapiga "Sukari Imekwisha" ya mwaka 1976 kwa mwendo wake halali.

Simu ya studio, ambayo siku hizi ni nzima, ilianza kulia kabla wimbo haujaisha. Wa kwanza alikuwa bwana Gidudu wa Nakaloke. Alisema alioa mwaka 1991 kwa kaseti ile, mkewe aliingia ukumbini kwa kaseti ile, na anataka kujua ndoa yake imesimamaje. Nikamwambia imesimama, ila iliharakishwa. Wa pili alisema huyu wa polepole si Ramula, mrudishe Ramula. Wa tatu alitaka kununua vifuniko vya simu. Wa nne alisema nimemvunjia Asubuhi yake, ndivyo alivyosema, Asubuhi yangu, na neno lile nilimpa mimi.

Wa tano alikuwa mwanamke. Hakutaja jina.

"Weka tena ile ya sabini na sita," alisema. "Ile ya polepole."

"Kwa ajili ya nani, mama?"

"Wewe weka tu."

Niliirudisha nyuma, nikaiweka. Hakukata simu, nami sikuifunga laini. Wanyera akamkaribisha, bendi ikaanza kutembea, Habib akaingia, na ubeti wa kwanza ulipoanza zilikuwa sauti mbili hewani, moja kutoka kwenye mkanda na moja kutoka kwenye simu ya Jinja. Mtu aliyekuwa na redio yake wazi kutoka Namatala mpaka Nakaloke angeweza kuzipima mwenyewe, bila mimi kumwambia zipo juu au chini. Zilichelewa pamoja mpaka mwisho. Meneja alikuja akasimama mlangoni, na matangazo ya vifo yakasubiri.

Wimbo ulipokwisha nikasikia pumzi yake kwenye laini.

"Sawa," alisema. "Na mayai pia."

Akakata simu.